Meja Attlee wa Stepney

Clement Richard Attlee alizaliwa tarehe 3 Januari 1883 huko Putney, kusini-magharibi mwa London, katika mtaa wa watu wenye nafasi zao. Baba yake, Henry, alikuwa wakili mwenye ofisi katikati ya jiji, na nyumba yao ilikuwa na watoto wanane, Clement akiwa wa saba. Wengi wanamjua kama waziri mkuu wa Uingereza wa mwaka 1945 hadi 1951, mtu aliyemshinda Winston Churchill katika uchaguzi, akaikabidhi India uhuru wake na kuanzisha matibabu ya bure nchini mwake. Miaka arobaini iliyotangulia hayo hutajwa kwa mistari miwili mitatu, nayo ndiyo yenye mengi ya kueleza. Ndani ya miaka hiyo msomi huyu wa Oxford alilea vijana wa bandarini, aliongoza kombania ya askari katika pande tatu za Vita vya Kwanza vya Dunia, na akakalia kiti cha umeya katika mmoja wa miji maskini kuliko yote ya London.

Shule yake ya sekondari ilikuwa Haileybury, katika jimbo la Hertfordshire. Chimbuko la shule hiyo ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1806 kuwaandaa vijana wa kwenda kuitumikia Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, na hata katika miaka ya Attlee harufu ya dola ya kikoloni ilikuwa haijaondoka madarasani. Kijana alitoka pale mwaka 1901 akiwa mhafidhina kamili, mwenye kuamini kwamba utawala wa Waingereza ulikuwa baraka kwa waliotawaliwa. Akaingia University College, Oxford, kusoma historia, akajikita zaidi katika Italia ya enzi ya Mwamko. Alihitimu mwaka 1904 kwa shahada ya heshima ya daraja la pili. Walimu wake walimwona mtu wa kutegemewa, si wa kung'ara, na tathmini hiyo ilimfuata maisha yake yote, mara nyingi ikitolewa na watu aliowapita baadaye.

Baada ya chuo alifuata nyayo za baba. Mwaka 1906 alikubaliwa kuwa wakili wa mahakama kuu, lakini kesi zilizomfikia zilikuwa chache na hamu yake ndogo. Kilichombadilisha ni klabu ya vijana. Shule ya Haileybury, kama shule nyingi za aina yake, iliendesha kazi ya hisani katika mitaa ya makabwela mashariki mwa jiji. Yake iliitwa Haileybury House, ikiwa Stepney, jirani na bandari. Oktoba 1905 Attlee alikwenda kuitembelea pamoja na mdogo wake Laurence. Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Mwaka 1907 akawa msimamizi wake na kuhamia huko huko.

Stepney ya wakati ule ilikuwa na watu karibu 300,000. Upande wa mtoni, Wapping, Shadwell na Limehouse, waliishi makuli, wengi wao Wakatoliki wa asili ya Ireland. Upande wa Whitechapel walijaa Wayahudi waliokimbia mateso katika dola ya Urusi, wakishona nguo kwa ujira mdogo ndani ya vyumba vilivyokuwa pia makazi yao. Kazi ya bandarini ilikuwa kibarua cha kutwa: asubuhi wanaume walisongamana mbele ya geti, msimamizi akanyooshea kidole aliowataka, waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa zaidi, maana utaratibu huo huo ulitumika Kilindini na Kurasini kwa miongo mingi.

Klabu ilikuwa ya vijana wa kiume waliokwisha kuacha shule na kuanza kazi. Iliendeshwa kijeshi, ikiwa sehemu ya kikosi cha vijana cha kujitolea chini ya rejimenti ya Queen's, Royal West Surrey. Vijana walivaa sare, walipiga kwata na kwenda kambini wakati wa likizo. Ili asaidie kuiendesha, Attlee alipewa cheo cha luteni wa pili mwaka 1906. Kwa hiyo safari yake ya jeshi na safari yake ya siasa zilianzia kwenye ukumbi mmoja, kwa watoto wale wale. Mtu mwenye haya, asiyejua maneno ya kupamba, aligundua kwamba anaweza kuongoza watu bila kupaza sauti, mradi awe wa haki na afike kwa wakati.

Kisa kimoja husimuliwa sana. Jioni moja msichana mdogo alitembea naye barabarani, akamuuliza anakwenda wapi. Attlee akamjibu kwamba anakwenda nyumbani kunywa chai. Mtoto akasema na yeye anakwenda nyumbani, kuangalia kama chai ipo. Itikadi za Attlee zilianzia katika mambo ya aina hiyo zaidi ya vitabu. Alikuja Stepney akiamini kwamba umaskini ni matokeo ya uvivu na ulevi. Aliwakuta watu wanaogawana kidogo walichonacho, wanaolea watoto wa majirani wagonjwa, na ambao hawakuwa na kosa lolote zaidi ya kukosa kazi wiki hiyo. Hisani, aliona, humpa mtoaji raha ya kutoa na humwacha mpokeaji pale pale alipokuwa. Januari 1908 akajiunga na tawi la Stepney la Chama Huru cha Labour, tawi lenye wanachama wapatao kumi na wawili. Mawakili hawakuwa wengi humo.

Miaka sita iliyofuata aliitumia kama mpiga debe wa kawaida. Alisimama juu ya sanduku kwenye pembe za barabara akihutubia wapita njia, kazi aliyoikosea kila mara kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo na sentensi zake fupi. Mwaka 1909 aligombea udiwani wa Stepney akashindwa vibaya. Mwaka huo huo alifanya kampeni pamoja na mwanamageuzi Beatrice Webb ya kufuta Sheria ya Maskini, ile iliyowalazimisha wasiojiweza kwenda kuishi katika nyumba za kazi kama wafungwa. Kwa muda mfupi alikuwa katibu wa kituo cha huduma za jamii cha Toynbee Hall huko Whitechapel. Mwaka 1911 serikali ilimwajiri kuzunguka mashambani kwa baiskeli akiwaeleza wananchi sheria mpya ya bima ya taifa. Mwaka 1912 chuo cha London School of Economics kilimpa kazi ya kufundisha masuala ya ustawi wa jamii. Hakupewa kwa wingi wa machapisho. Alipewa kwa sababu aliijua mitaa.

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Attlee alikuwa na miaka 31. Wajamaa wengi waligawanyika. Kaka yake Tom, mjamaa na Mkristo, alikataa kushika silaha na baadaye akafungwa kwa msimamo huo. Clement aliona kwamba mtu aliyewafundisha vijana wa Stepney kwata hawezi kuwaacha waende peke yao. Mwanzoni aliambiwa umri umempita, lakini Septemba alipata nafasi ya uofisa katika batalioni ya 6 ya rejimenti ya South Lancashire. Askari wake walitoka katika miji ya viwanda ya kaskazini. Akapanda cheo hadi kapteni na kukabidhiwa kombania.

Batalioni ilipelekwa Gallipoli, rasi ya Uturuki inayolinda mlango wa Dardanelles, katikati ya mwaka 1915. Joto, nzi na maji machafu viliua kama risasi. Attlee aliugua kuhara damu, akabebwa akiwa hajitambui na kupelekwa hospitali ya Malta. Ugonjwa huo ulimwokoa. Mwezi Agosti, akiwa bado kitandani, kikosi chake kiliingizwa katika mapigano ya Sari Bair na wenzake wengi wakafa. Aliporudi Novemba alikuta mstari wa mbele uko Suvla, na siku chache baadaye ikashuka mvua kubwa iliyojaza mahandaki, ikifuatiwa na theluji na baridi kali. Askari zaidi ya 200 wa upande wa Waingereza walikufa kwa maji na baridi hiyo, na maelfu waliumia miguu. Katika hali kama ile ofisa hupimwa kwa mambo madogo: kama amehakikisha kila mtu amevua viatu na kusugua miguu, kama chakula cha moto kimefika, kama wanaozubaa wamelazimishwa kutembea. Attlee alikuwa hodari katika mambo madogo.

Desemba majeshi yaliamriwa kuondoka. Kuondoa maelfu ya watu usiku, hatua chache kutoka kwa adui, bila adui kujua, ni kazi ngumu kuliko kushambulia. Kombania ya Attlee iliwekwa Lala Baba, karibu na ufuo, kuulinda mstari wa mwisho hadi wengine wote wawe ndani ya mashua. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba 1915 alipanda mashua akiwa mtu wa mwisho isipokuwa mmoja kuondoka Suvla. Aliyebaki nyuma yake alikuwa Meja Jenerali Frederick Stanley Maude, kamanda wa divisheni, ambaye mwaka 1917 aliiteka Baghdad.

Waingereza wengi waliokwenda Gallipoli hawakumsamehe Churchill, aliyeshikilia kidete mpango ule. Attlee alifikia uamuzi mwingine: wazo lilikuwa sahihi, utekelezaji ndio uliovurugwa na makamanda wazembe. Mwaka 1940 wawili hao walipoketi pamoja katika baraza la vita, imani hiyo ya zamani ilikuwa na uzito. Kiongozi wa chama cha Labour aliyekuwa na kila sababu ya kumshuku Churchill alikuwa amekwisha kumwona, tangu ufukwe wa Suvla, kama mtu mwenye jicho la vita.

Baada ya Gallipoli kikosi kilipitia Misri na kuelekea Mesopotamia, Iraki ya leo, kujaribu kuwaokoa wanajeshi waliozingirwa na Waturuki katika mji wa Kut. Tarehe 5 Aprili 1916, katika shambulio la Hanna, Attlee alikimbia mbele akiwa ameshika bendera nyekundu ya kuwaonyesha wapiga mizinga askari wao wamefika wapi. Vipande vya kombora vikampiga pajani na kumwangusha. Kombora hilo linasadikiwa lilitoka upande wake mwenyewe. Kut ilijisalimisha mwishoni mwa mwezi, na wanajeshi wapatao 13,000 wakachukuliwa mateka. Majeruhi wa Hanna alipelekwa India, kisha nyumbani. Alipopona alifundisha askari kwa muda, akiwemo katika kikosi kipya cha vifaru, na mwaka 1917 akapandishwa cheo kuwa meja. Mwaka 1918 alipelekwa Ufaransa, akaumia tena, na siku vita vilipokoma alikuwa hospitalini London.

Cheo hakikumtoka. Kwa miaka ishirini magazeti na wapiga kura walimwita Meja Attlee, naye hakuwakatalia. Kwa Labour, chama kilichotuhumiwa kujaa wapinga vita, meja mwenye makovu alikuwa ngao nzuri majukwaani. Lakini jeshi lilimpa zaidi ya cheo. Lilimfundisha kugawa kazi, kumwachia msaidizi aifanye, kusoma taarifa fupi na kutoa uamuzi mfupi zaidi. Wajamaa wenzake wengi walijua kuhutubia. Wachache walijua kuendesha kikao kikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mapema mwaka 1919 alirudi kufundisha chuoni na kupanga makazi Limehouse, katika nyumba kubwa kuukuu. Stepney aliyoikuta ilikuwa na wapiga kura wapya. Sheria ya mwaka 1918 ilikuwa imewapa kura wanaume wote waliofikia miaka 21 na wanawake wengi wenye miaka 30 na kuendelea, na aliyekuwa akipokea msaada wa maskini hakunyimwa tena haki hiyo. Uchaguzi wa madiwani ulikuwa haujafanyika tangu 1912 kwa sababu ya vita. Mfamasia mmoja Myahudi, mzaliwa wa Romania, Oscar Tobin, ndiye aliyefanya kazi iliyoonekana haiwezekani: kuwaketisha meza moja makuli wa Ireland na washonaji wa Kiyahudi, watu waliokuwa wakitazamana kwa jicho la pembe tangu zamani. Attlee alifaa kuwa kiungo. Hakuwa wa kanisa la hawa wala sinagogi la wale, na wote walimfahamu tangu enzi za klabu.

Novemba 1919 Labour ikashinda viti 43 kati ya 60. Attlee mwenyewe hakuwa diwani, lakini sheria iliruhusu baraza kumchagua meya kutoka nje, na madiwani wapya, wengi wao wasiojua utaratibu wa vikao, walimtaka mtu anayejua sheria na kanuni. Akiwa na miaka 36 akawa meya wa kwanza wa Labour mjini Stepney. Baadaye alichaguliwa kuwa mjumbe mwandamizi wa baraza, nafasi aliyoishikilia hadi 1927.

Umeya wa aina hiyo ulidumu mwaka mmoja, na meya wengi waliutumia kuvaa mkufu na kufungua maonyesho. Attlee aliutumia kwa nyumba. Maelfu ya familia ziliishi katika vyumba vyenye unyevu, paa zinazovuja na choo kimoja kwa nyumba nzima. Sheria za afya za London zilikuwa tayari zinamlazimisha mwenye nyumba kurekebisha kasoro zinazohatarisha afya. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kukagua, kwa kuwa mabaraza yaliyotangulia yalijaa wenye nyumba na marafiki zao. Baraza jipya likaajiri mabwana afya zaidi. Bwana afya aliingia nyumba kwa nyumba, akaandika ukuta uliobomoka, bomba lililoziba, kisha mwenye nyumba akapelekewa notisi yenye muda maalumu. Asipotii, kesi ilikwenda mahakamani. Notisi zilitoka kwa maelfu. Hakuna sheria mpya iliyotungwa, wala hotuba kubwa iliyotolewa. Ile ya zamani ilianza tu kutumika.

Kwa upande wa akina mama na watoto, baraza liliongeza wauguzi wa kuzuru majumbani, waliomfuata mzazi baada ya kujifungua na kumwelekeza kuhusu maziwa, usafi na kumpima mtoto uzito. Vifo vya watoto wachanga, vilivyokuwa vingi mno katika mitaa ile, vilipungua. Mwaka 1920 Attlee alichapisha kitabu kuhusu kazi ya ustawi wa jamii, na mwaka 1925, akishirikiana na William Robson, kingine kuhusu kazi ya diwani. Si vitabu vya kumkosesha msomaji usingizi. Vinaeleza kamati hufanya nini, fedha hutoka wapi, na kwa nini diwani asiyesoma makabrasha ya kikao ni hasara kwa kata yake.

Jambo lililoshinda uwezo wa mji wowote lilikuwa ukosefu wa kazi. Askari waliorudi kutoka mahandakini walikuta milango imefungwa. Oktoba 1920 mameya wa Labour wa London, George Lansbury wa Poplar na Attlee miongoni mwao, walipeleka ujumbe kwa Waziri Mkuu Lloyd George, huku maandamano ya wasio na kazi yakifuatana nao. Wakati mameya wakizungumza ndani, nje barabarani Whitehall polisi waliwapiga virungu waandamanaji.

Mwaka uliofuata mzozo ulihamia kwenye kodi ya majengo. Kila mji wa London ulipaswa kuwahudumia maskini wake kwa kodi inayokusanywa ndani ya mipaka yake. Matokeo yake, Poplar na Stepney, wenye maskini wengi na majengo ya thamani ndogo, walitoza viwango vikubwa, huku mitaa ya matajiri ikitoza kidogo kwa kuwa haikuwa na wa kumsaidia. Baraza la Poplar likakataa kuwasilisha sehemu ya kodi iliyotakiwa na mamlaka za London nzima. Madiwani 30, wanawake kwa wanaume, walifungwa Septemba 1921. Stepney na Bethnal Green wakapiga kura kufuata njia hiyo hiyo, na serikali ikaona kwamba magereza hayatatosha. Baada ya wiki zipatazo sita wafungwa waliachiwa, na sheria ikapitishwa ya kugawana mzigo wa maskini kati ya miji yote ya London. Herbert Morrison, meya wa Hackney, aliiona mbinu ya Poplar kuwa inakiharibia chama jina. Attlee, mwanasheria mpenda utaratibu, alisimama na Poplar.

Novemba 1922 wapiga kura wa Limehouse walimpeleka bungeni kwa tofauti ya kura 1,899. Alikuwa miongoni mwa wahitimu wa kwanza wa Oxford kuchaguliwa wabunge wa Labour. Januari mwaka huo alikuwa amemwoa Violet Millar. Mwaka 1924, katika serikali ya kwanza ya Labour, alikuwa naibu waziri katika wizara ya vita, lakini hakuliacha baraza la Stepney, ambako aliongoza kamati ya umeme. Stepney ilimiliki kituo chake cha kuzalisha umeme, na meja alijifunza bei za makaa ya mawe na nyaya kama alivyojifunza idadi ya risasi. Ujuzi huo aliupeleka bungeni mwaka 1926, wakati ulipojadiliwa muswada wa kuunganisha gridi ya taifa.

Kamati hiyo hiyo nusura immalize. Mwezi Mei 1926, wakati wa mgomo mkuu, Attlee alikubaliana na chama cha mafundi umeme kwamba mitambo isizimwe: hospitali zipate umeme, viwanda vikatiwe. Kampuni moja iliyokatiwa ikamshtaki yeye na wajumbe wa Labour wa kamati, bila kuwagusa wajumbe wa Kihafidhina waliokuwa wameunga mkono uamuzi ule ule. Mahakama ikawaamuru walipe fidia ya pauni 300. Kwa mtu mwenye watoto wadogo na kipato cha kadiri, ilikuwa pigo, naye alifikiria kuacha siasa. Rufaa iliwapa ushindi, akabaki. Historia ya Uingereza ya karne ya ishirini ilining'inia kwa muda kwenye ankara ya umeme.

Kupanda kwake baada ya hapo kulichangiwa sana na maangamizi ya wengine. Uchaguzi wa 1931 uliifagia Labour, na Attlee akanusurika Limehouse kwa kura 551 tu, wakati karibu vigogo wote wa chama wakipoteza viti. Mwaka 1935 alichaguliwa kiongozi, akiwashinda Morrison na Arthur Greenwood, na wengi walidhani anashikilia nafasi kwa muda. Alikaa miaka ishirini. Mwaka 1937 alikwenda Hispania, ambako kombania ya Waingereza waliokuwa wakipigana upande wa Jamhuri ilipewa jina lake pamoja na cheo chake. Kuanzia 1940 alikuwa katika serikali ya Churchill, na mwaka 1942 akawa rasmi naibu waziri mkuu, akiendesha kamati za mambo ya ndani wakati mkubwa wake akishughulika na majenerali.

Serikali yake ya 1945, yenye wabunge 393, ilibeba mizigo mingi iliyofungwa Stepney. Bima ya taifa aliyoitangaza kwa baiskeli ilipanuliwa kuwafikia wote. Mwaka 1948 Sheria ya Maskini aliyoipiga vita tangu 1909 ilifutwa. Hata hivyo mwanafunzi huyu wa ukumbi wa mji alikuwa pia mtu aliyepunguza nguvu za kumbi za miji. Waziri wake wa afya, Aneurin Bevan, alipotaka hospitali zote zichukuliwe na taifa, Morrison alizitetea zibaki mikononi mwa halmashauri. Attlee akamuunga mkono Bevan. Tarehe 1 Aprili 1948 umeme nao ukataifishwa, na vituo vya miji, cha Stepney kikiwemo, vikapokonywa mabaraza yaliyovijenga. Alikuwa ameona kwa macho kwamba mji maskini hauwezi kugharamia hospitali nzuri kwa kodi ya vibanda. Funzo la Poplar lilikuwa zito kuliko mapenzi yake kwa udiwani.

Afrika Mashariki ilimwona kutoka upande mwingine. Desemba 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiendelea kuitawala. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na Septemba makuli wa Dar es Salaam wakafuata, wakidai ujira na masharti ambayo wenzao wa Limehouse wangeyatambua mara moja. Safari hii Attlee ndiye aliyekuwa juu ya wenye madaraka. Mwaka huo huo serikali yake ilianza mpango wa karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ili kupata mafuta ya kula kwa Uingereza iliyokuwa ikila kwa mgawo. Zililengwa ekari zaidi ya milioni tatu. Waendeshaji wengi walikuwa maofisa waliotoka vitani, na baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru. Mvua za Ugogo ni za kubahatisha, na udongo wa Kongwa kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Wagogo wangeweza kuyaeleza hayo, lakini mpango ulipitishwa London. Ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36. Meya aliyetuma mabwana afya wakakague kila chumba kabla ya kuandika notisi aliridhia shamba kubwa kuliko majimbo kadhaa ya nchi yake kwa ripoti ya ziara ya wiki chache.

Jimbo la Limehouse lilifutwa katika mabadiliko ya mipaka ya mwaka 1950, na Attlee akahamia Walthamstow. Oktoba 1951 alipoteza serikali ingawa chama chake kilipata kura nyingi kuliko Wahafidhina. Aliachia uongozi Desemba 1955, akaingia katika Baraza la Mabwana, na kufariki tarehe 8 Oktoba 1967. Mji wa Stepney wenyewe haukuwepo tena. Tarehe 1 Aprili 1965 uliunganishwa na Poplar na Bethnal Green, majirani waliopiga nao kura ile ya kodi, kuwa halmashauri moja ya Tower Hamlets.